Siku Mama Alipompigia Kaka Magoti

Nilipokuwa mtoto niliona ni jambo la kawaida kabisa mama mzazi kumwamkia mwanawe wa kumzaa. Asubuhi kaka yangu akitoka ndani, macho bado yana matongotongo, kaptula imekaa upande, mama aliacha ufagio, akainama kidogo na kusema, "Mwangaluka, baba." Na kaka, mtoto wa miaka tisa, aliitikia kwa sauti nzito ya kulazimisha, halafu akaenda kukojoa nyuma ya zizi. Sikucheka. Nyumbani kwetu hakuna aliyecheka. Nilianza kuona ajabu yake nilipoanza shule na kugundua kwamba kwa wenzangu mama ndiye anayeamkiwa.

Nieleze vizuri, maana nikisimulia jambo hili kwa watu wa siku hizi wananikatiza katikati. Kaka alizaliwa miezi michache baada ya babu, mzaa baba, kufariki. Alikuwa analia mfululizo. Ananyonya analia, anabebwa analia, mpaka wazee wakasema mtoto huyu anatafuta jina lake. Wakakaa, wakawa wanamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Walipofika kwa babu, Luhende, mtoto akanyamaza. Mimi nimezaa wanne, najua mtoto hunyamaza akichoka. Lakini wao waliona mzee amerudi. Kuanzia siku hiyo baba akawa anamwita mwanawe "baba". Bibi, mjane wa babu, akawa anamwita "mume wangu", utani wa kawaida wa bibi na mjukuu, ila yeye aliuzidisha. Na mama, ambaye kwa desturi yetu ya Kisukuma hakuruhusiwa hata kulitamka jina la baba mkwe wake, akajikuta amejifungua baba mkwe.

Basi hebu fikirini malezi yake. Mama hakumchapa hata siku moja. Hakumtuma maji wala kuni. Kaka akiwa anakula, mama alipita mbali, kwa nyuma, kama anavyopaswa kumpita mzee. Kaka naye hakumwita "mama". Alimwita "Mama Kabula", kama majirani walivyomwita, na Kabula ndiye mimi, niliyezaliwa nyuma yake. Shuleni waliandika jina lake la ubatizo, Petro, na humu nitamwita Petro, maana lile la babu limeshanichosha.

Labda yote haya yangebaki mchezo kama baba angekuwa mtu mpole. Baba yangu alikuwa anapiga. Sitaki kumzulia, amekwisha kufa na nilimpenda, alikuwa na sauti nzuri ya kuimba akilima. Lakini alikuwa anapiga. Pamba ikikataliwa kwa uchafu pale inaponunuliwa, mama alipigwa. Ndama akipotea, mama alipigwa, utadhani yeye ndiye aliyemficha. Na mama alipokimbia, unajua alikimbilia wapi? Sio kwa bibi, sio kwa jirani. Alikimbilia nyuma ya Petro.

"Baba, mwambie mwanao aniache!" alikuwa anapiga kelele, ameshika mabega ya mtoto kwa nyuma, mtoto wa miaka tisa ambaye kichwa chake kilimfika mama kifuani. "Mwambie mwanao, baba! Ananiua!"

Nilikuwa mdogo sana, lakini hilo ninaliona mpaka leo. Petro amesimama katikati ya uwanja, ameduwaa, kamasi zinamtoka, nyuma yake mama anatetemeka, mbele yake baba ameshika fimbo ya ng'ombe. Na baba alikuwa anaacha. Nyie, alikuwa anaacha kweli. Anamtazama yule mtoto, anaona uso wa baba yake mzazi, au anajidai ameuona, anatupa fimbo chini na kuondoka akisonya. Mama anakaa chini na kumshukuru Petro, "Asante, baba." Jioni anamwekea kipande kikubwa cha nyama. Mimi nilikuwa ninamwonea wivu kaka kwa ajili ya ile nyama, ndiyo akili yangu ilipoishia.

Halafu ikafika siku ambayo haikusaidia. Petro alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Wakati huo serikali ilikuwa imeshatuondoa sote kwenye miji yetu iliyotawanyika porini, tukaja kupangwa kwenye mistari ya kijiji cha Ujamaa, na baba alikuwa na hasira kubwa ya kuacha zizi lake na mashamba yaliyokuwa na mbolea ya miaka mingi. Sikumbuki mama alikosa nini. Nadhani hakukosa chochote. Alikimbilia nyuma ya Petro kama kawaida, na Petro akanyoosha mkono mbele, kama alivyokuwa amezoea, akasema, "Basi." Baba akamshika bega, akamsukuma pembeni kama mtu anayesogeza mlango, na akaendelea na kazi yake. Petro aliangukia kwenye jiko la mafiga. Alibaki pale amekaa kwenye majivu, anatazama. Hakulia. Alikuwa anatazama fimbo.

Mwaka uliofuata baba alikwenda Geita kuchimba dhahabu, kama wanaume wengi wa kwetu walivyofanya mvua ilipokataa. Alipoaga alimpa Petro mkono, mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima, akamwambia, "Mzee, mji nakuachia wewe." Jamani. Mtoto wa darasa la sita unamwachia mji. Mji wenye mke wako, mama yako mzazi, mtoto wa kike na ng'ombe watano. Halafu unashangaa anautawala kwa namna ile ile aliyoona mji unatawaliwa.

Alianza na bakuli. Ugali ulichelewa kwa sababu mama alikuwa ametoka shambani amechelewa, naye Petro akasema, "Mama Kabula, mimi nangojea nini?" Mama akasema, "Vumilia, baba, unaiva." Bakuli la mlenda likaruka likampata mama begani. Mama akaokota bakuli, akalisafisha. Bibi aliyekuwa amekaa pembeni na tumbaku yake ya kunusa alicheka kidogo na kusema, "Mume wangu leo amekuja mkali." Akacheka! Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko natamani nimfuate huko alikozikwa nimwulize alikuwa anacheka nini.

Baada ya bakuli yakaja makofi. Baada ya makofi ikaja fimbo, ile ile ya baba iliyobaki imechomekwa kwenye paa. Nataka nieleweke hapa. Petro hakuwa mtoto mbaya muda wote. Alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Alinibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa masika. Lakini jambo dogo likimkwaza, maji hayakuchemka, shati halijafuliwa, uso wake ulibadilika, na hakuwa anaona mtu tena. Akimaliza alikuwa anakwenda zizini na kukaa na ng'ombe mpaka giza liingie. Siku moja nilimfuata nikamkuta ameegemea ubavu wa maksai, analia kwa kuminya mdomo ili asisikike. Aliponiona akanirushia jiwe.

Siku ya mchi ndiyo ilikuwa mwisho wa uvumilivu. Mama alikuwa anatwanga mtama. Mwalimu alikuwa amemtumia salamu kwamba Petro haonekani shuleni, na mama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajaribu kumwambia neno la mzazi. Alisema polepole kabisa, bila kumtazama usoni, "Baba, mwalimu anauliza. Nakuomba kesho uende shule." Nakuomba, alisema. Petro akamnyang'anya mchi. Mama akainua mkono kujikinga kichwa, na mchi ukatua kwenye mkono. Nilisikia mlio wa mfupa. Na pale pale mama, kwa uchungu, akapiga ukelele ambao haukuwahi kutoka kinywani mwake tangu aolewe: "Luhende, unaniua!"

Petro akaangusha mchi, akakimbia. Mimi nilisimama mlangoni na ungo mikononi. Na ninasema kweli ya Mungu, kilichonishtua zaidi haukuwa ule mkono uliopinda. Kilichonishtua ni kwamba mama ametamka jina.

Hapo ndipo kila mtu akawa na jibu. Jirani mmoja alisema bangi, ingawa Petro hakuwahi kuiona bangi. Mwalimu alisema viboko, akamchapa kumi na viwili mbele ya shule nzima, na usitegemee mtoto kujifunza kutopiga kwa kupigwa. Katekista alisema shetani. Baba alipopata habari huko Geita akarudi na miguu imejaa vumbi jekundu, akaangalia mkono wa mama uliofungwa vijiti, na akasema jambo hili si la kawaida, lazima twende kwa mfumu, yaani mpiga ramli wetu. Katika watu wote hao wenye majibu, hakuna hata mmoja aliyemwita yule mtoto pembeni na kumwuliza, "Wewe, una nini?" Hata mmoja! Kumwuliza kulikuwa bure, hakukuhitaji kuku wala mbuzi. Labda ndiyo maana wazo hilo halikuwafikia akilini.

Tulikwenda kwa mfumu asubuhi, baba, bibi, mama na mimi niliyebeba kuku. Petro aliachwa nyumbani; mgonjwa wa ramli hakuwa na ulazima wa kuwepo, kuku alitosha. Mfumu alikuwa mwanamume mnene mchangamfu, mwenye kikohozi, aliyetuuliza habari za mvua kana kwamba tumekuja kutembea tu. Alimchinja kuku, akampasua, akamchungulia ndani muda mrefu, akigusa hapa na pale kwa ncha ya kisu.

"Namwona mzee," alisema. "Amelala peke yake. Nyumba zimebomoka, zizi tupu. Analalamika."

Baba na bibi wakashusha pumzi kwa mshangao. Hivi kweli! Ni nani katika kijiji kile hakuwa na mzee aliyelala peke yake kwenye mahame? Tulihamishwa watu wote, tukaacha makaburi yote. Kama masamva, wazee wetu wa kale, wanakasirikia kuachwa, basi kina mama wa wilaya nzima wangekuwa wamefungwa vijiti mikononi. Lakini wakati ule na mimi nilishangaa kama wao, nikaona huyu mtu ana macho ya ajabu.

"Lakini si hilo tu," mfumu akaendelea. "Mzee amevunjiwa heshima. Mtu wa ndani amelitaja jina lake, mtu asiyestahili kulitaja. Ni nani?"

Mama alitazama chini. Bibi akasema hajui, na kweli hakujua, siku ya mchi alikuwa kwa jirani. Baba akasema yeye alikuwa Geita. Mfumu akauliza tena, akitutazama mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwangu nikahisi furaha, ile furaha ya mtoto darasani anayejua jibu. Nikasema, "Mama. Mama alilitaja. Nilimsikia."

Nilikuwa na miaka tisa. Nimejisemea hivyo mara nyingi sana, kwamba nilikuwa na miaka tisa.

Mfumu akapiga paja kwa kuridhika. Basi ikawa imepatikana. Aliyevunjwa mkono ndiye mkosaji, kwa sababu alipovunjwa alipiga kelele vibaya. Hakuna aliyeuliza jina lilitamkwa kabla ya mchi au baada. Hakuna aliyekumbuka kwamba bakuli na makofi na fimbo vilikuja miezi mingi kabla ya jina kutamkwa. Mama angejitetea, lakini angejitetea vipi mbele ya mume, mama mkwe na mfumu, wakati mwanawe mwenyewe ameshatoa ushahidi? Hukumu ikatolewa: mbuzi mweusi asiye na doa, twende mahameni, Petro avikwe vitu vya babu akae mahali pa babu, na mkamwana apige magoti amwombe radhi baba mkwe wake.

Tulikwenda siku ya tatu. Mahame yetu yalikuwa mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu. Minyaa iliyozunguka mji bado ilikuwa imesimama, imenenepa, ndani yake nyumba zimebaki vichuguu vya udongo na mlango mmoja uliosahauliwa. Babu alizikwa pembeni mwa zizi, kama wenye miji wanavyozikwa kwetu. Nyasi zilikuwa zimemea juu yake, baba akazing'oa kwa mikono, na nakumbuka nilimwonea huruma kwa jinsi alivyozing'oa kwa adabu.

Wakamketisha Petro kwenye kigoda. Wakamfunika kaniki begani, wakamvisha bangili ya shaba ya babu iliyokuwa kubwa mno, ikawa inateleza mpaka kwenye kiganja. Alikuwa na miaka kumi na minne. Sharubu zilikuwa zimeanza kama vumbi. Alikaa pale anatazama magoti yake mwenyewe. Baba alisimama ameshika kamba ya mbuzi. Mfumu akakoroga unga wa mtama na maji kwenye kibuyu, akampa mama.

Mama akapiga magoti. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye vijiti, alishika kibuyu kwa mkono wa kushoto na kukiegemeza kifuani. Alipiga funda, akapuliza yale maji meupe chini mbele ya miguu ya Petro kama alivyofundishwa, akasema, "Baba, nimekosa. Nisamehe, baba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliinamisha kichwa mpaka kitambaa chake kikagusa vidole vya miguu ya Petro.

Mimi niliona mgongo wa mama. Niliona na ule mkono. Na ndipo kikaniingia akilini, kwa kuchelewa sana, kitu nilichokuwa nimekifanya kwa mfumu. Nilitaka kusema, nikakosa la kusema, maana la kusema nilikuwa nimeshalisema.

Petro akaanza kutetemeka. Ilianza midomo, ikaja mabega, mpaka bangili ikawa inagonga kigoda. Akasema kitu, hatukusikia. Akasema tena kwa nguvu, sauti imepasuka, ya kitoto kabisa, "Mama, inuka. Mama! Inuka bwana!" Akateremka kwenye kigoda, akamshika mama mabegani akimvuta, mama hainuki, na yeye naye akawa amekaa chini kwenye nyasi, analia kwa sauti. "Mimi si babu! Mimi sijui chochote! Inuka!"

Sasa hapo, watu wazima watatu wenye akili zao wapo pale, mtoto anawaambia kwa mdomo wake mwenyewe kitu anachoumwa. Unajua walifanya nini? Mfumu akapiga kelele ya furaha, "Mzee ameingia! Mzee analia, amekubali!" Na baba akasema, "Asante, baba, asante." Nyie acheni tu. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, nimeona ukaidi wa kila aina, lakini ule sijauona tena.

"Yaya!" Ilikuwa sauti ya bibi. Yaya kwetu ni hapana. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, akainuka akishikilia kiuno, akapiga chafya kwa ajili ya tumbaku, akafuta pua kwa ncha ya khanga. Hakuwa mtu wa hekima, bibi yangu, alikuwa mgomvi na mchoyo wa siagi. Lakini siku ile alikuwa amekasirika. "Huyo si mume wangu," alisema. "Luhende namjua mimi. Nimekaa naye tangu nikiwa msichana mpaka nilipomfumba macho. Alikuwa mkali kwa watu wote, lakini mimi hakuniinulia mkono hata siku moja. Hata siku moja! Sasa mnaniambia ametoka huku chini kuja kuvunja mkono wa mkamwana? Mkono huo kaupatia wapi? Kaburini?"

Bibi akageuza kichwa polepole, akamtazama baba. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, na baba akawa anafungua na kufunga upya fundo la kamba ya mbuzi, fundo ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mfumu, ambaye alijua kazi yake, alikohoa na kusema kwamba wakati mwingine marehemu hubadilika tabia. Mbuzi akachinjwa. Tukamla pale pale, na alikuwa mtamu. Wakati wa kurudi nilimwuliza bibi kwa nini hakusema mapema, miezi yote ile, bakuli, makofi, fimbo, yeye amekaa pale ananusa tumbaku. Alinitazama kama vile nimemwuliza jambo la kipumbavu. "Hamkuniuliza," alisema.

Sasa watu wanaosikia kisa hiki hutaka kujua kama Petro aliacha kupiga. Aliacha. Mara moja tu tena aliinua mkono, nikamwona anautazama ule mkono hewani, akaushusha, akatoka nje. Alimaliza darasa la saba, akaondoka kwenda upande wa Geita, na leo ana duka la spea za pikipiki pale Katoro, ana wajukuu, hanywi. Mfumu alijisifu mpaka anaingia kaburini kwamba ni yeye aliyemponya. Baba aliamini ni mbuzi. Baba naye alipunguza, na mimi najua ni yale macho ya bibi, lakini ungemwambia angekuambia ni umri.

Mimi nakaa Shinyanga mjini, Kambarage, nimestaafu, na akina mama wananijia kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Mwanangu ananipiga, mwalimu. Anavunja vyombo. Amerogwa na shangazi yake, ana pepo, tumempeleka kwenye maombi, tumemfungia siku tatu bila kula. Huwa nawasikiliza mpaka mwisho, kisha nauliza swali moja tu: humo nyumbani, kabla yake, nani alikuwa anapiga? Mmoja katika kumi ananijibu. Waliobaki wanabeba mikoba yao, tena wamenikasirikia. Wengine wananisema mtaani kwamba nina dharau. Sawa, nina dharau, lakini sitaki kuku.

Mama aliishi nami miaka yake ya mwisho. Siku moja tulikuwa tunachambua choroko barazani, nikamwambia kitu nilichokibeba tangu utoto. "Mama, kwa mfumu, ni mimi niliyekutaja."

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

"Nisamehe."

"Ulikuwa mtoto, ng'wanone, mwanangu. Toa hayo mawe, usiongee tu."

Nikatoa mawe. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza kwa nini alikubali kupiga magoti mbele ya mtu aliyemvunja mkono, tena amevikwa bangili kama mfalme. Nilimwambia nimekasirika miaka hamsini kwa ajili ya magoti yale. Sauti yangu ilipanda, nakiri.

Mama hakuacha kuchambua. "Mimi sikumpigia magoti babu yako," alisema. "Babu yako nilikuwa simdai wala hanidai. Nilikuwa namwomba radhi Petro. Nilikuwa najificha nyuma yake, Kabula. Kitoto cha namna ile, nakisimamisha mbele ya fimbo ya mwanamume. Kila siku nilikuwa nataka kumwambia nisamehe, na nilikuwa sina namna, mtu hamwombi radhi mtoto. Yule mfumu akanipa namna."

Nikaanza tena kutoa mawe. Miaka yote ile nimewasimulia watu kwamba pale mahameni hakuna mtu mzima aliyeona kitu. "Na yeye?" niliuliza mwishowe. "Petro amekuomba radhi kwa mkono wako?"

"Ananitumia sukari."

"Sijakuuliza sukari, mama."

"Bado," alisema.

"Na baba? Aliwahi?"

Hapo mama aliacha kuchambua. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakijawahi kumpitia kichwani maisha yake yote. Akafikiri. Alikuwa anafikiri kwa bidii, nikamwona, anatafuta huko nyuma mwaka kwa mwaka, kwa haki kabisa, asije akamsingizia marehemu. Kisha akarudi kwenye ungo.

"Sikujua kwamba na yeye alipaswa," alisema.